Mwindaji wa Gizani: Historia ya Domodomo katika Mwambao wa Mara

Historia ya Ziwa Victoria imezoea kuandikwa kwa mizani. Samaki anayejaza kreti ndiye anayepewa sura yake: ngege alipata ya kwanza, sangara akapata ndefu kuliko zote, na siku hizi kalamu zimemgeukia dagaa. Domodomo hajapata sura. Huyu ni samaki mwenye pua iliyorefuka na kupinda chini mfano wa mkonga, anayeshinda mchana amejibanza kwenye nyufa za mawe na kutoka jua linapozama. Usiku kucha hupitapita kwenye maji ya kina kifupi ya ufukweni, akichokoa mabuu ya wadudu na viumbe wengine wadogo waliojifukia kwenye tope na mchanga. Mzani wa mwaloni haujamtajirisha mtu kwa ajili yake. Hata hivyo, ndiye shahidi anayefaa kuulizwa ziwa hili liliharibikaje, kwa sababu maisha yake yote yanapita mahali ambapo historia ya mizani haitazami: ukingoni, kwenye midomo ya mito, na gizani. Ukiifuata safari yake kutoka Misri ya kale hadi mawe ya Musoma, unaona jambo ambalo hadithi ya sangara imelifunika. Kuharibika kwa ziwa kulianzia pembeni, na kulianza kabla ya sangara kutia pezi lake humu.

Ziwa lililokauka

Watafiti waliochimba matope ya sakafu ya ziwa wamekuta dalili kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita, mwishoni mwa enzi ya barafu, Ziwa Victoria lilikuwa limekauka au limebaki madimbwi. Mvua ziliporudi, bonde likajaa upya. Kwa wanaodai kwamba ziwa hubadilika lenyewe na hivyo hakuna sababu ya kuhangaika, ushahidi huu ni wa thamani, na haufai kupuuzwa. Ni kweli ziwa limewahi kufa na kufufuka. Lakini swali linalofuata ndilo lenye uzito: lilifufuka kwa kupitia wapi? Samaki hawashuki na mvua. Waliolijaza ziwa jipya walitoka kwenye mito na vijito vilivyoendelea kutiririka, na katika mabwawa yaliyosalia. Mito ndiyo iliyokuwa ghala la mbegu. Kwa hiyo anayetumia ukame wa kale kututuliza anasahau nusu ya habari yenyewe, kwamba ziwa linaweza kupona iwapo njia kati yake na mito yake ziko wazi.

Jamaa wengi wa domodomo wanaishi kwa kufuata kanuni hiyo mpaka leo. Ukoo wake una aina kama saba katika Ziwa Victoria, nyingi zikiwa ndogo. Mkubwa wao, ambaye wataalamu wanamwita Mormyrus kannume na ambaye Waganda wanamwita kasulubana, anaweza kukaribia urefu wa mita moja. Aina kadhaa ndogo hungoja masika, kisha mito inapofurika hupanda kutoka ziwani na kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Mafuriko yanapopungua, watoto huteremka kurudi ziwani. Kwa upande wa Mara, milango ya namna hiyo ni michache na inajulikana. Mto Mara wenyewe, wenye urefu wa karibu kilomita 395, unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaenea kwenye dimbwi kubwa la mafunjo upande wa Butiama, kisha unaingia ziwani karibu na Musoma. Upande wa Bunda, mito ya Grumeti na Mbalageti inamwaga maji katika Ghuba ya Speke.

Samaki wa Misri

Domodomo mkubwa si mali ya Mara peke yake. Anapatikana katika mfumo wote wa Nile, na watu wa Misri walimchonga kwenye kuta za makaburi yao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mji mmoja wa Misri ya kati ulimfanya samaki mtakatifu, na Wagiriki walipofika wakauita Oxyrhynchus, yaani mji wa samaki wa pua kali. Sanamu zake za shaba, zenye taji la pembe na duara la jua kichwani, zimehifadhiwa katika makumbusho mengi ya dunia. Mwandishi Plutarch alieleza imani iliyokuwapo kwamba samaki huyu alikula kiungo cha mungu Osiris kilichotupwa mtoni. Karne nyingi baadaye, mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål alimwandika Misri kwa kutumia jina alilolisikia kwa Waarabu wa huko, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775, miaka kadhaa baada ya yeye mwenyewe kufariki Yemeni.

Habari hizi za mbali zina kazi katika hoja hii. Kwenye Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, na katika Ziwa Albert, domodomo ameishi na sangara kwa maelfu ya miaka. Wamekula na kuzaana katika maji yale yale, na hakuna aliyemfuta mwenzake. Kizuizi cha maporomoko kilimzuia sangara kupanda hadi Victoria, ilhali domodomo aliishi pande zote mbili. Basi anayesema kwamba kuja kwa sangara kunatosha kueleza kila pengo katika ziwa letu ana deni la kueleza imekuwaje huko Albert wawili hawa wakavumiliana. Jibu moja ni kwamba samaki wa Victoria hawakuwahi kumzoea adui wa namna ile, na kwa wengi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, jibu hilo ni sahihi. Kwa domodomo halitoshi.

1901 hadi 1928: reli na makila

Kabla ya karne ya 20, uvuvi wa mwambao huu ulikuwa wa ndoana, migono ya kusuka na uzio wa matete uliokatiza vijito. Zana hizo zilivua sana, tena wakati mwingine zilivua kupita kiasi. Ila zilikuwa na mipaka yake: uzio ulihitaji kujengwa upya kila msimu, na mafuriko makubwa yaliuvunja na kuacha samaki wapite. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Soko likawa halina mwisho, na mwaka 1905 nyavu za makila zikaingizwa katika ghuba ya upande wa Kenya. Zikaenea kuzunguka ziwa, Musoma ikiwa bado chini ya Wajerumani na kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Waingereza.

Makila hayalali. Hutegwa jioni na kuteguliwa alfajiri, na kwa hiyo yalimkuta domodomo katika saa zake za kazi. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilizunguka ziwa kufanya uchunguzi wa kwanza wa kina wa uvuvi wake. Aligundua kwamba idadi ya ngege kwa kila wavu ilikuwa imeporomoka, akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Akaonya pia kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka nje bila utafiti mpana ni hatari. Miongoni mwa samaki waliokusanywa katika safari hiyo alikuwamo jamaa mdogo wa domodomo, ambaye mwaka 1928 alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka Graham. Kanuni ya inchi 5, hata hivyo, iliwekwa kwa kipimo cha ngege. Ziwa lote likaanza kupimwa kwa samaki mmoja, na walinzi wa midomo ya mito hawakuwekwa.

1947 hadi 1965: kwenye midomo ya mito

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za Afrika Mashariki ziliunda huduma ya pamoja ya uvuvi ziwani na kituo cha utafiti huko Jinja. Kulikuwa na matumaini. Lakini katika miaka ya 1950 nyuzi za nailoni zilifika, imara na za kudumu kuliko pamba, na kati ya 1956 na 1961 nchi zote tatu zikaiacha kanuni ya inchi 5. Nyavu za matundu madogo zikatandazwa mbele ya mito hasa katika majuma ya masika, kwa sababu kila mvuvi alijua kwamba ndipo samaki wanapojikusanya wakiwa na mayai.

Hapa ndipo ilipogeukia historia, ijapokuwa hakuna siku moja ya kuiadhimisha. Mwaka 1959 P. J. P. Whitehead alichapisha uchunguzi wa samaki wa Victoria wanaopanda mito, jamaa wa domodomo wakiwamo. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr akaeleza kuanguka kwa uvuvi wa ningu, samaki mwingine anayepanda mito kutaga, katika Mto Nzoia nchini Kenya. Alionyesha kwamba mitego ya zamani ilifanya kazi ndani ya mto, ilhali makila yaliwazuia samaki mlangoni kabla hawajataga, na kwamba ningu walipoadimika ufundi wa zamani nao ukafifia. Ningu na domodomo wadogo walikuwa abiria wa safari moja. Ni haki kupinga kwamba Nzoia si Mara. Lakini nyavu zilikuwa zile zile, msimu ule ule, na tabia ya samaki ile ile. Mtu anayetaka kuamini kwamba Mto Mara ulinusurika ndiye anayepaswa kuleta sababu. Na angalia tarehe: haya yaliandikwa takriban miaka 20 kabla ya sangara kufurika katika maji ya Tanzania.

Katika miaka hiyo hiyo siri ya mwindaji huyu ilifichuliwa. Mwaka 1951 Hans Lissmann wa Cambridge alionyesha kwamba samaki mmoja wa Afrika, jamaa wa mbali wa domodomo, hutoa mapigo madogo ya umeme mfululizo, na mwaka 1958 yeye na K. E. Machin wakaeleza jinsi mapigo hayo yanavyotumika kama hisi. Domodomo ana kiungo cha umeme karibu na shina la mkia, kilichotokana na misuli. Mapigo yake hayawezi kumdhuru mtu. Yanatandaza uga wa umeme kumzunguka, na ngozi yake imejaa vipokezi vinavyousoma. Jiwe linaupinda uga huo kwa namna moja, na buu hai chini ya mchanga kwa namna nyingine. Kwa njia hiyo anawinda pasipo mwanga, tena anawatambua wenzake kwa mdundo wa mapigo yao. Hesabu zote hizo zinataka ubongo mkubwa. Kwa jamaa yake mmoja wa Afrika ya Kati na Magharibi, ubongo hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni ya mwili, ambapo wa binadamu hutumia kama asilimia 20. Kiumbe aliyedharauliwa mizanini ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa hisi duniani, na anaishi hatua chache kutoka mahali watu wanapofulia nguo.

1954 hadi 1999: sura ya sangara

Sangara aliingizwa kimyakimya upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, kisha rasmi mwaka 1962 na 1963, akitolewa Ziwa Albert na Turkana. Wakati huo huo mvua za 1961 ziliinua ziwa zaidi ya mita 2 hadi 1964, nalo likameza fukwe na mashamba. Kwa takriban miaka 20 sangara hakusumbua wengi. Katikati ya miaka ya 1980 akafurika Tanzania, na furu wakatoweka. Watafiti wa Uholanzi na Tanzania waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walikadiria kwamba aina kama 200 huenda zimepotea. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma, ajira zikaja, na kati ya 1997 na 1999 masoko ya Ulaya yalipofungwa mara kadhaa kwa sababu za usafi na sumu, njaa ilihisiwa kwenye kila mwalo.

Hakuna anayeweza kukanusha ukubwa wa tukio hilo, wala makala hii haikusudii. Sangara alikula furu, na alikula domodomo pia. Pingamizi kali dhidi ya hoja yangu ni hili: ikiwa ukingo ulikuwa umekwisha kuharibika, mbona anguko kubwa lilionekana pale tu sangara alipofurika? Jibu liko katika ramani ya walionusurika. Furu wa maji ya wazi ndio walioangamia zaidi. Furu wa miamba walibaki kwa wingi, na domodomo mkubwa naye bado anapatikana kwenye mawe. Kilichowaokoa ni mahali. Nyufa zinawaficha dhidi ya sangara, na kokoro, wavu wa kuburuta, haliburutwi juu ya mawe kwa sababu litachanika. Mahali penye mchanga laini na matete, ambapo kokoro lilipita usiku baada ya usiku likikomba vifaranga na majani yaliyowahifadhi, sangara alikuta windo lisilo na kichaka cha kukimbilia. Alivuna uharibifu ambao wengine walikuwa wameupanda. Ndiyo maana Albert, pamoja na sangara wake, haikuwa Victoria.

Tope na sheria, 1990 hadi leo

Baada ya sangara zikaja taabu zisizo na meno. Magugu maji yalitanda katika ghuba za ziwa katika miaka ya 1990 mpaka yalipopunguzwa kwa mbawakawa maalumu walioachiwa kuyala. Mbolea, maji taka na udongo wa mashamba vililisha mwani, na maji yakapoteza uangavu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba ukungu huo wa majini unawachanganya furu, ambao huchagua wenza kwa rangi. Mtu anaweza kusema kwamba hili halimhusu domodomo, maana yeye hana haja ya mwanga. Kwa upande wa macho ni kweli, na huenda hii ni sababu nyingine ya kudumu kwake. Lakini udongo unaoletwa na mto hautii giza tu. Unaziba nyufa za mawe anamolala, na uozo wake unanyonya oksijeni karibu na sakafu anapolia chakula chake. Samaki mwenye ubongo unaotumia pumzi nyingi kiasi hicho hawezi kuwa na furaha mahali pasipo na pumzi.

Udongo huo una anwani. Misitu ya Mau imekatwa, mifugo na mashamba yameongezeka kwenye bonde la Mto Mara, na dimbwi la mafunjo la Butiama limepanuka kwa miongo kadhaa huku likipokea matope. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na uozo wa mimea kuwa chanzo, na maelezo hayo yakazua mjadala mkubwa nchini. Hata anayeyakubali maelezo hayo yote anabaki na funzo: mlango mmoja wa samaki unaweza kuziba kwa siku chache, na ziwa zima likasikia.

Serikali hazikukaa kimya. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kuunda taasisi ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Victoria. Tanzania imelipiga marufuku kokoro, imetunga Sheria ya Uvuvi ya 2003, imeanzisha vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali katika mialo, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Mwaka 2018 Operesheni Sangara iliteketeza nyavu haramu kwa wingi. Jina la operesheni hiyo linasema mengi. Miaka 90 baada ya Graham, ziwa bado linalindwa kwa jina la samaki mmoja wa sokoni.

Milango mitatu

Watauliza wengine: kwa nini familia ya Majita au Kibara, yenye watoto wa kulisha, imjali samaki ambaye kiwanda hakimnunui? Swali hili ni la haki, na jibu lake halipaswi kuwa mahubiri. Mvuvi wa mtumbwi mdogo hana injini ya kumfuata sangara katikati ya ziwa. Riziki yake iko ukingoni, kwa sato, kambare, gogogo na domodomo mwenyewe, na ukingo ukifa ni yeye anayekosa kwanza. Zaidi ya hayo, sato na sangara wachanga nao hukulia kwenye maji haya haya ya kina kifupi. Anayelinda kitalu cha domodomo amelinda kitalu cha soko.

Hatua zinazofuata kutoka katika historia hii ni za kawaida na zinaweza kutajwa kwa wilaya. Musoma ina miamba yake, ambayo kwa bahati imekuwa hifadhi bila tangazo. Inastahili kutambuliwa hivyo, na nyavu zizuiwe kutegwa kuizunguka. Bunda ina midomo ya Grumeti na Mbalageti, jirani na Serengeti. Nyavu ziondolewe hapo kila masika, kwa majuma ambayo wazee wa uvuvi wenyewe wanayajua kuliko kalenda ya ofisi. Butiama ina dimbwi la mafunjo linalochuja maji ya Mto Mara kabla hayajafika ziwani, na mita 60 za sheria zinatakiwa kupimwa pale kwa kamba na vigingi. Wakazi wa Butiama wana sababu yao ya ziada, kwa kuwa mradi wa Mugango, Kiabakari hadi Butiama unawapelekea maji ya kunywa kutoka ufukwe huu huu. Usiku bomba linapovuta maji Mugango, domodomo yuko kazini katika ziwa lile lile, akipima kwa umeme wake kama sakafu bado ina uhai. Kipimo hicho hakina gharama, na kwa zaidi ya miaka 100 ya nyavu, nailoni na minofu hatujakisoma.